Umeme Wako Unaliwa na Mvuke

Ugomvi wa nyumba za kupanga una majira yake. Mwisho wa mwezi ni kodi, kiangazi ni maji, na mwaka mzima ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Vyumba sita, mita moja, kila chumba kimetoa elfu tano, halafu mwezi haujafika nusu mita inaanza kulia ukutani. Hapo upelelezi huanza. Nani ana friji? Nani hupiga pasi kila alfajiri? Mwishowe vidole vyote humwelekea mpangaji wa chumba cha uani: "Dada, sisi tunachanga, wewe unachemsha maharage." Naye hujibu, na ana haki ya kujibu, kwamba televisheni ya chumba cha mbele huwaka mpaka usiku wa manane na hakuna anayesema neno.

Kesi hii inaweza kuamuliwa na fizikia. Uniti moja ni umeme wa wati 1,000 uliotumika kwa saa moja. Televisheni bapa ya wati 50 inahitaji saa 20 kuimaliza uniti hiyo. Taa ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 100. Jiko la koili la wati 1,000 huimaliza kwa saa moja tu, na maharage makavu ambayo hayakulowekwa hayaivi kwa saa moja. Kwa hiyo wapangaji hawajakosea kulishuku jiko la uani. Walipokosea ni kuyalaumu maharage. Maharage yalichukua sehemu ndogo tu ya umeme ule. Karibu nusu yake ilitoka dirishani ikiwa mvuke, na kila mtu aliuona ukitoka.

Ukitaka kupunguza gharama ya umeme nyumbani, anzia hapo. Vifaa vinavyotoa mwanga, sauti na picha hutumia kidogo. Vinavyotoa joto, kama koili, pasi, birika na hita ya kuogea, ndivyo vinavyomaliza uniti. Na katika joto hilo kuna linaloivisha chakula na kuna linalopotea hewani. Mita hulitoza lote kwa bei moja.

Saa ya Joseph Black

Aliyetuonyesha joto linakopotelea alikuwa daktari na mkemia wa chuo cha Glasgow, Uskoti, aliyeitwa Joseph Black. Mwaka 1762 alichukua vyombo vya bati vyenye maji baridi, akaviweka juu ya bamba la chuma la jikoni lililokuwa jekundu kwa moto, akashika saa. Baada ya dakika kama nne maji yakaanza kuchemka. Akaendelea kungoja mpaka vyombo vikauke kabisa, na hilo likachukua dakika nyingine kama ishirini.

Moto ulikuwa ule ule kwa muda wote. Katika zile dakika nne za mwanzo ulikuwa unayapandisha maji joto, na jambo hilo halikuwa la ajabu. Lakini maji yakishachemka hayapandi tena. Kipimajoto husimama pale pale hata moto ukiwa mkali namna gani. Je, joto lote la zile dakika ishirini lilikwenda wapi? Black alijibu kwamba lilikwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Chembe za maji hushikana, na kuzitenganisha ili ziruke hewani ni kazi nzito. Joto linalofanya kazi hiyo halionekani kwenye kipimajoto, kwa kuwa limejificha ndani ya mvuke. Aliyewahi kuunguzwa na mvuke wa sufuria ya wali anajua kwamba huunguza vibaya kuliko maji ya moto: unapogusa ngozi na kurudi kuwa maji, hulitoa hapo hapo lile joto lililojificha.

Vipimo vya leo vinasema hivi. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka joto la kawaida la Dar es Salaam kunahitaji kama uniti 0.09. Kuikausha lita hiyo hiyo kwa kuichemsha kunahitaji uniti 0.63, yaani mara saba. James Watt, aliyekuwa fundi wa vifaa vya maabara katika chuo hicho hicho, aliipeleka elimu hii kwenye injini za mvuke, na dunia ikabadilika. Jikoni imechelewa kufika.

Maana yake jikoni ni hii: sufuria inayochemka ni kama ndoo iliyojaa, ukizidisha bomba unazidisha kumwaga. Maharage yanayotokota polepole na yale yanayofoka mpaka mfuniko unacheza yako katika joto lile lile, na yataiva kwa muda ule ule. Kinachoivisha ni joto. Kufoka ni hasara.

Mwishoni mwa karne ya 18, Benjamin Thompson, mtu wa sayansi aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, aliandika kwa kirefu kuhusu hasara hiyo. Alikuwa na sababu: mjini Munich, Ujerumani, alisimamia majiko yaliyolisha maskini kwa wingi, na kuni zilikuwa sehemu ya gharama. Aliwashangaa wapishi waliochochea moto chini ya sufuria iliyokwisha kuchemka wakidhani wanaharakisha chakula. Wapishi wa namna hiyo wapo hadi leo, na wengine wana koili.

Hesabu ya sufuria moja

Tuchukue nusu kilo ya maharage na lita mbili za maji, juu ya koili ya wati 1,000 iliyowashwa mpaka mwisho, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo kama ilivyo kawaida. Kuyafikisha kwenye mchemko kunahitaji takriban uniti 0.2. Baada ya hapo mpishi anangoja, anaongeza maji, anangoja tena. Tuseme imechukua saa mbili kwa jumla na lita moja na nusu imekwenda na mvuke. Mvuke huo peke yake umechukua karibu uniti 0.95. Zilizobaki zimeipasha joto koili yenyewe, kuta za sufuria na hewa ya jikoni. Jumla ni uniti mbili.

Sasa tuiangalie risiti ya LUKU. Kwa bei ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, iliyoanza mwaka 2016 na kudumu kwa miaka mingi, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Ukijumlisha unapata shilingi 356, na ndiyo sababu elfu kumi huleta uniti 28, ikiwa kodi ya jengo haijakatwa siku hiyo. Sufuria yetu ya maharage imegharimu zaidi ya shilingi 700, na karibu nusu ya fedha hiyo ni mvuke mtupu.

Kuna hatua zisizodai hata senti. Funika sufuria vizuri. Ikishachemka, punguza moto mpaka itokote tu. Loweka maharage usiku kucha, kwani punje iliyokwisha kunywa maji huiva mapema zaidi. Nunua maharage ya msimu huu. Yale yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu hujenga ugumu ndani ambao hautoki kirahisi. Maji ya kisima yenye madini mengi nayo huyachelewesha, kwa sababu kalsiamu iliyomo huikaza gundi inayoshikanisha chembe za punje. Magadi hufanya kinyume chake: huilegeza gundi hiyo, na bibi zetu hawakukosea. Kosa huja yanapozidi, maana huharibu vitamini B1 ya chakula.

Karamu ya Papin

Hatua inayofuata ni kuuzuia mvuke usitoke, na hii ni ya zamani kuliko Black mwenyewe. Mwaka 1679, jijini London, Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu cha chuma chenye mfuniko uliokazwa kwa skrubu, pamoja na vali ya kutolea mvuke ukizidi. Mwaka 1682 aliwaandalia wanasayansi wa Royal Society chakula cha jioni kutoka kwenye chungu hicho, na mmoja wao, John Evelyn, akaandika katika shajara yake kwamba mifupa migumu ya ng'ombe ilikuwa laini kama jibini.

Siri yake ni kwamba maji huchemka yakiweza kuisukuma hewa iliyo juu yake. Ukiufungia mvuke ndani, shinikizo linapanda, na maji yanalazimika kufika nyuzi 115 hivi ndipo yachemke. Nyuzi hizo 15 za ziada si kidogo. Kwa makadirio ya wakemia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hufanya mambo mengi ya kikemia yaende kwa kasi karibu maradufu. Kazi ya saa mbili huisha ndani ya dakika arobaini hivi.

Jiko la presha la umeme ni chungu cha Papin kilichoongezewa vitu viwili: ganda linalozuia joto lisitoke ubavuni, na swichi ya ndani inayokata umeme shinikizo likitosha. Hapa ndipo watu wengi hudanganywa na maandishi. Wanaona chini ya jiko imeandikwa wati 1,000, wanasema "hilo linakula umeme." Lakini mita haisomi maandishi, inahesabu muda. Jiko linavuta umeme kwa robo saa au zaidi kidogo mpaka presha ijae, kisha linakata. Baada ya hapo unasikia "tik" mara chache, umeme ukirudi kwa dakika moja au mbili na kukatika tena. Maharage yetu yale yale yatamaliza kwa uniti 0.4 hivi, yaani shilingi 140 au karibu na hapo.

Watafiti wa MECS, mradi wa nishati ya kisasa ya kupikia unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Loughborough cha Uingereza, waliliona hilo majumbani. Wakishirikiana na mashirika ya huku, TaTEDO likiwa mojawapo kwa Dar es Salaam, waliziomba familia ziandike kila chakula walichopika na kupima nishati waliyotumia. Vyakula vya kuchemka muda mrefu, kama maharage, makande na nyama ngumu, ndivyo vilivyoonyesha tofauti kubwa kabisa. Chapati na samaki wa kukaanga havihusiki sana na chungu cha presha. Ugali unawezekana mfuniko ukiwa wazi, ila chungu huzunguka unaposonga, na wapishi wengi huona bora kuusonga kwenye jiko jingine.

Njombe si Dar es Salaam

Kwa watu wa nyanda za juu kuna sababu nyingine. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka mapema kabla hayajapata joto la kutosha. Kwa kila mita 300 unazopanda, joto la mchemko hushuka kwa nyuzi moja hivi. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94. Ukifuata kanuni ile ya nyuzi 10, maharage yanayoiva kwa saa mbili Temeke, Dar es Salaam, yatataka karibu saa tatu Njombe, kwa mkaa zaidi na mvuke zaidi. Ni yale yale kwa Kigali, Bukavu na vilima vya Burundi, ambako maharage ni chakula cha kila siku. Chungu kilichofungwa huipunguza tofauti hiyo, kwa sababu mvuke uliozuiliwa hujiongezea shinikizo lake wenyewe.

Kijijini kuna tatizo jingine: umeme wa mwisho wa laini huwa dhaifu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya kifaa cha joto haishuki kwa robo tu, hushuka kwa karibu asilimia 40. Koili hapo huzembea kabisa, maana joto linapotea karibu kwa kasi ile ile linayoingia nayo. Jiko lenye ganda litachelewa kupata presha, lakini litafika. Na umeme ukikatika katikati ya mapishi, chakula kilicho ndani huendelea kuiva kwa muda kwa joto lililobaki.

Mstari wa uniti 75

Hapa sayansi inakutana na msaada wa serikali. TANESCO ina kundi la bei liitwalo D1 kwa wateja wadogo wa majumbani, wale ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa shilingi 100 kwa uniti, au 122 pamoja na kodi na tozo. Ukivuka 75, kila uniti inayozidi inatozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Ni msaada mkubwa, na ndiyo sababu familia nyingi zinaogopa kupikia umeme: zisije zikauvuka mstari.

Hofu hiyo ina msingi ukipikia koili. Maharage kila siku kwa uniti mbili ni uniti 60 kwa mwezi. Ongeza taa, televisheni na simu, umeshafika ukingoni, na bado hujachemsha chai. Kwa jiko la presha maharage hayo hayo ni uniti 12 kwa mwezi, na kwa bei ya D1 ni chini ya shilingi 1,500. Nyumba nyingi ndogo zinaweza kuzibeba uniti hizo na kubaki chini ya 75. Kenya mstari ni mkali zaidi: tangu Aprili 2023 kundi la chini kabisa ni la wanaotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Huko koili itakutoa kundini kabla ya mwezi kufika nusu. Kwa hiyo ruzuku ya umeme na aina ya jiko ni jambo moja. Serikali inaweza kukushushia bei kwa mkono mmoja, na jiko baya likaipandisha kwa mkono wa pili.

Kikwazo kinabaki kuwa bei ya kununua. Mtu anayenunua mkaa wa kopo kila siku anajua kwamba gunia ni nafuu, ila hela ya gunia haiji kwa pamoja, na jiko la presha linamkwaza vivyo hivyo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. REA imekuwa ikisambaza mitungi ya gesi yenye ruzuku, na Kenya Power imekuwa na kampeni yake ya Pika na Power. Lakini karibu zaidi na mlango wako kuna njia mbili ambazo tayari watu wanazijua. Ya kwanza ni VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambako wanachama wanaweza kununua majiko kwa jumla na kulipana kwa mzunguko. Ya pili ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mama lishe anayepika maharage ya watu hamsini kila siku anaweza kuombea mkopo wa chungu kikubwa cha presha akiwa na hesabu ya mvuke mkononi, na hesabu hiyo ina nguvu kuliko maneno.

Asiye na umeme hajaachwa nje. Kapu la kupikia, yaani kapu lililojazwa vitambaa, majani makavu au pamba kisha likashonewa mto wa kufunikia, hufanya kazi ya lile ganda la jiko. Maofisa wa kilimo Kenya wamewafundisha akina mama kulitengeneza kwa miaka mingi. Unachemsha sufuria juu ya moto wowote, unaifunga ndani ya kapu, joto linabaki humo na chakula kinaiva chenyewe huku ukiwa shambani. Kwa maharage kuna sharti moja: yaloweke, mwaga maji ya kulowekea, kisha yachemke kwa nguvu angalau robo saa kabla ya kuingia kapuni. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo, na joto la vuguvugu haliiui.

Mita iseme

Huhitaji kuyaamini haya kwa sababu yameandikwa. Siku moja zima kila kitu nyumbani, au chagua saa ambayo wengine hawapo, uandike uniti zinazoonekana kwenye mita. Pika maharage kama unavyopika siku zote. Andika tena. Kesho yake loweka, funika na punguza moto, kisha linganisha. Ukiweza kuazima jiko la presha, rudia siku ya tatu kwa kipimo kile kile cha maharage na maji. Tumia soketi ya ukutani iliyo nzima, maana waya mwembamba wa kuongezea ukipitisha umeme wa jiko hupata joto, nalo ni joto jingine unalolilipia bure, mbali na hatari ya moto.

Namba tatu kwenye karatasi zitamaliza ubishi ambao semina haziumalizi. Tena zitakupa swali la kumuuliza kila anayekuja mtaani au kijijini na mradi wa nishati: linatumia uniti ngapi kwa sufuria moja ya maharage yetu, kwa maji yetu, kwa umeme wetu huu unaopungua jioni? Anayeleta majiko ya ruzuku alete na kilo moja ya maharage, ayapike hadharani, na mita isomwe na mwenyeji. Jiko likishinda mtihani huo, wanunuzi watapatikana. Likishindwa, ruzuku hiyo itakuwa imelipia mvuke.